Mwanangu, hiyo betri itoe

Mwanangu,

Mdogo wako kanionyesha picha ya hicho kidude chako cha mezani, nikavaa miwani nikaikuza. Dakika 25 za kusoma taa nyekundu, 5 za kupumzika taa ya kijani, na kengele ya kukuinua kitini. Kazi safi. Nyaya umezilaza vizuri kuliko vijana wanaokuja kujifunza ufundi kibandani kwangu. Lakini hiyo betri, mama, itoe.

Najua umeichomoa kwenye laptopu mbovu. Hizo 18650, betri za lithiamu za mviringo kama tochi ndogo, nazijua. Umeunga waya kwa risasi juu ya betri yenyewe, joto lile linaiumiza ndani, na ganda lake la plastiki limechubuka pale begani. Mwili wote ule wa chuma ni hasi, mpaka jirani kabisa na kichwa cha chanya. Kinachovitenganisha pale juu ni pete ya karatasi na hilo ganda. Waya ukilalia penye mchubuko ndiyo shoti hiyo, na betri ya lithiamu haingoji uamke. Nawe kidude umekiweka juu ya madaftari, chandarua kinaning'inia pembeni! Fundi unaye nyumbani, ungeuliza.

Usinijibu kwamba inashika chaji. Hata iliyoshuka chini ya volti 2.5, yaani iliyokwisha kupita kiasi, ikifufuliwa hushika, kwa siku zake. Na chaja yako inakata betri ikijaa, yaani ikifika volti 4.2? Kwenye picha sikuona.

Huyo Mwitaliano Cirillo uliyemsimulia mdogo wako, aliyebuni mtindo huu wa dakika 25 na 5, alianza na saa ya jikoni ya kusokota, umbo la nyanya, betri hata moja haina. Wewe Arduino yako, hicho kibao kinachoendesha taa na kengele, ina tundu la USB, volti 5 zinatosha. Chomeka chaja ya simu, ukimaliza chomoa. Na hizo dakika 5 uinuke kweli, usizimalizie kwenye simu.

Kengele ipunguze, wenzako wanalala.

Mama yako anatuma samli na dagaa kwa basi la Ijumaa. Tenki la maji limepasuka tena, kwa hiyo hela ya viatu isubiri mwisho wa mwezi. Ndani ya mzigo nimeweka chaja na waya wa USB. Betri ukiitoa, ziba ncha zote mbili kwa tepu, iweke kwenye kopo la bati mbali na vitanda. Usiitupe jalalani, nitaichukua nikija. Leo usiku nitapiga simu. Nataka kusikia imeshatoka.

Baba yako