Kisanduku chako cha juu ya maporomoko

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi wazima. Neema anakusalimu, Baba Tatu pia, na yule kijana wa Neema sasa kanipita kimo, hutamtambua. Habari nyingine zitafuata, lakini hii haisubiri: kisanduku chako cha hifadhini, kile cha jiokashi, mchezo wetu wa kuficha visanduku ili wengine wavisake kwa GPS ya simu, kiko mbioni kufutwa kwenye ramani ya mchezo, na anayesubiriwa kusema neno ni wewe tu.

Niliuona ujumbe kwenye ukurasa wake wa mtandaoni wiki iliyopita. Msimamizi wa kujitolea wa mchezo amekisimamisha kwa muda, kisha ameandika kwa upole kabisa kwamba mwenye kisanduku asipojitokeza ndani ya mwezi kitaondolewa. Chini yake watu wamepanga malalamiko: hatukukiona, hatukukiona, daftari limelowa, hatukukiona. Nilivyosoma moyo ulinienda mbio. Nikampigia Neema, nikamwambia Jumamosi tunapanda, ije mvua lije jua.

Tulianza alfajiri. Njia ya chini unaijua, sikuchoshi nayo. Ila ile kona ambapo msitu unaisha ghafla na bonde lote linafunguka mbele yako, Zuhura, pale tulisimama hadi Baba Tatu akaanza kutuhimiza. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, vilele tu ndivyo vimetokeza, na kila ukipepesa macho kilele kingine kinachomoza. Kijana wa Neema aliweka simu mfukoni mwenyewe, bila kuambiwa.

Kwenye maporomoko tulifanya ile jiokashi ya ardhi, ile isiyo na kisanduku, unajibu maswali ya miamba tu. Yule kijana ndiye aliyeijibu. Alipapasa tabaka la juu, gumu, halichubuki. Akapapasa la chini, likamwachia mchanga viganjani. Akasema kumbe maji yanakula jiwe laini la chini, lile gumu la juu linabaki linaning'inia mpaka linavunjika, na maporomoko yenyewe yanarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea juu ya mto. Hakuna aliyemfundisha, aliona kwa macho na mikono. Tangu hapo hakukuwa na wa kumshika, akawa anatangulia yeye.

Sasa kisanduku. Chini ya ule ukuta wa mwamba mshale wa simu ulianza kuzunguka, kama kawaida ya pale: mawimbi ya setilaiti yanagonga jiwe kwanza ndipo yafike kwenye simu, basi simu inadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Mahali pa wazi ingekosea mita chache tu. Pale mara ikasema tuko mtoni, mara tuko juu ya jabali. Tukaiweka kando, kijana akaomba dokezo. Nikampa lile lililofumbwa, nikamwonyesha kwamba kila herufi inaruka nafasi kumi na tatu, A inakuwa N. Akaketi juu ya jiwe na penseli. ZGV ikawa MTI, na taratibu likatoka lote: kati ya miti pacha.

Miti pacha haipo, Zuhura. Umebaki mmoja. Mwenzake umeng'oka na mizizi yake, umelala kukatiza njia, na shimo la mizizi limejaa maji. Ndiyo maana watu wamekuwa wakipita na kuandika hawakukiona: wanatafuta miwili. Tulizunguka pale muda mrefu. Neema ndiye aliyeona pembe ya chuma ikichungulia chini ya mzizi, imefunikwa udongo na majani yaliyooza.

Nilikifungua mwenyewe. Lile kasha la kuwekea risasi za bunduki, ulilolifanya kisanduku, bado zima, chuma hakijatoboka, lakini mpira wa mfuniko umekauka na kupasuka upande wa bawaba, na hapo ndipo maji yanapoingilia. Daftari limeshikana kurasa. Za nyuma wino umetandaa, husomi kitu. Za mwanzo, ulizoandika kwa penseli, zinasomeka kama ulivyoziandika. Mwandiko wako uko pale juu, tarehe na ile sentensi ya kuwakaribisha wageni. Kuna ukurasa mtoto ameandika jina lake kwa herufi zilizojaza karatasi nzima. Kuna wazee wawili wameandika kwamba hawakuwahi kufika huko juu mpaka kisanduku kilipowaita. Nilisoma hapo nikamsomea Neema, naye akasema nirudie.

Tuliloweza kulifanya tulilifanya. Tulimwaga maji, tukakausha ndani kwa kitambaa, daftari tukalitia kwenye mfuko wenye zipu pamoja na karatasi safi za akiba, tukakirudisha juu kidogo ya lile shimo na kukiegemeza mawe. Hatukuchimba popote. Na sikuweka kisanduku kipya, ingawa Baba Tatu alikuwa nacho begini na alikazania kweli. Nilimkatalia. Kuacha kisanduku chako mahali pa kisanduku cha mtu bila ruhusa yake si adabu ya mchezo huu, na tena hakusaidii: atakayekuja kesho atapata sanduku la Baba Tatu akidhani kapata lako, na lako linaendelea kuoza hatua mbili pembeni.

Na hapo ndipo ninaporudi kwenye jambo langu. Mimi naweza kupanda kila mwezi, kukausha, kubadilisha mpira, kuleta daftari la karatasi isiyopitisha maji. Lakini ukurasa ni wako. Dokezo ni wewe tu unayeweza kulibadilisha. Msimamizi anangoja jibu la mwenyewe, si la rafiki yake. Kikiondolewa, kwa kawaida hawakirudishi kwa sababu ya utunzaji. Mahali pale panakuwa wazi, na mtu mwingine anaweza kuomba kuweka chake ndani ya zile mita 161 zinazotakiwa kati ya kisanduku na kisanduku, ambazo leo zinakilinda. Na ile ruhusa ya hifadhi uliiandikia barua wewe na kuihangaikia wewe. Sitaki tuanze upya kuomba kitu ambacho tayari tunacho.

Wakati wa kushuka kijana aliniuliza nani alianzisha mambo haya. Nikamhadithia: kwamba Mei 2, 2000 Marekani iliacha kuuvuruga kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watu wa kawaida, uliokuwa ukikosea hadi kama mita mia, na kesho yake tu Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo msituni huko Oregon ili aone kama watu wataifikia kwa latitudo na longitudo peke yake. Ndani aliweka vitabu, kombeo na kopo la maharage. Ndani ya siku chache watu walikuwa wameshaifikia. Kijana akauliza, ndoo bado ipo? Nikamwambia ndoo haipo, kuna bamba la kumbukumbu tu. Lakini kile cha Mingo, Kansas, kilichofichwa mwezi huohuo wa Mei 2000, watu waliendelea kukisaka miaka nenda rudi, kwa sababu kina wa kukitunza. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: na cha shangazi Zuhura kina nani? Sikuwa na la kumjibu, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Sikulaumu hata kidogo kwa ukimya. Najua mwaka huu ulivyokuwa kwako, na Neema alinieleza ya goti. Sitaki upande huko juu kabla daktari hajakuruhusu. Ninachokuomba hakihitaji goti: ingia kwenye akaunti yako, mjibu msimamizi sentensi mbili kwamba kisanduku kimepatikana na kinashughulikiwa, badilisha dokezo. Au kama umechoka nacho, nikabidhi. Utaratibu upo, mwenyewe anaanzisha, mpokeaji anakubali, na tarehe uliyokificha inabaki ileile. Nitakitunza kama changu, na jina lako litabaki kwenye maelezo, hilo nakuahidi. Lakini kwa kweli ningependa kibaki chako. Wewe ndiye uliyeliona lile jabali kwanza, sisi wengine tulikuwa tunapita tu tukiangalia miguu yetu.

Sasa nijibu haya. Ujumbe wa msimamizi ulikufikia, au bado umesajili ile barua pepe ya kazini kwako kwa zamani? Neno la siri unalikumbuka? Lile daftari la akiba uliloniambia umelinunua liko wapi, au niagize jingine? Dokezo jipya unataka liseme nini: mzizi, au mti uliolala? Mimi ningesema mti uliolala, kwa sababu ule hauondoki leo wala kesho, ila wewe ndiye mwenye neno. Goti linasemaje, unatembea bila fimbo? Shemeji karudi safari? Na ukipona, tukikuchukua polepole kwa ile njia ya mto isiyo na ngazi, tukipumzika kila utakapotaka, utakuja?

Mwezi aliotoa msimamizi unaisha Jumapili ya wiki ijayo. Nipigie hata usiku.

Wako akupendaye,
Mwanaidi

N.B. Ndani ya kasha kulikuwa na ile bati ndogo yenye namba, ya msafiri, ambayo wachezaji huisafirisha kutoka kisanduku hadi kisanduku, imeanza kushika kutu. Nimeichukua nisije nikaiacha iharibike, na nimeiandikisha kwamba iko kwangu. Mwenye bati ameandika anataka ifike baharini. Kuna mtu unayemjua anayeelekea huko hivi karibuni?