Kisu cha Samaki Ulichoniagiza

Ngamiani, Tanga
12 Agosti 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na shemeji na watoto uwasalimie. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa.

Kisu chako kiko tayari. Mhunzi kakifua kwa springi ya gari bovu, mpini wa mkwaju, kizito kidogo mkononi kama kile cha marehemu bibi yako. Juzi nilikijaribu kwa changu wawili. Magamba yaliruka mpaka kwenye kanga za jirani zilizoanikwa. Lakini sijakituma, na ndiyo maana nakuandikia.

Tangu uliponisimulia habari ya mwanafunzi mwenzake mwanao Salim aliyekutwa na kisu begini, sikupata usingizi. Nilimwambia mpwa wangu anifungulie kwenye simu hizo sheria za visu za huko kwenu Uingereza nizisome mwenyewe. Kumbe visu wanavyoviita vya zombi vilipigwa marufuku tangu Septemba 2024, na upanga wa ninja umefuata tarehe mosi mwezi huu. Wamepima kila kitu! Zombi: ubapa unazidi inchi 8, una ncha, halafu una meno ya msumeno au matundu. Ninja: inchi 14 mpaka 24. Mpwa wangu alichukua rula tukapima cha kwako: inchi 6 na ushee. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Tulinyamaza kwa sababu ya yule Ronan Kanda, ambaye sheria inaitwa kwa jina lake. Wolverhampton si ni hapo jirani yenu? Miaka 16, mwaka 2022, katoka kwa rafiki yake kununua kidude cha kuchezea gemu, kachomwa hatua chache kabla ya kufika kwao. Waliomuua walimfananisha na mwingine. Na silaha iliagizwa mtandaoni na kijana aliyetumia kitambulisho cha mama yake. Hapo ndipo paliponichoma mimi, Mwanaidi. Mama wa watu kitambulisho chake kipo kwenye mkoba, hana habari.

Huku kwetu muuza madafu anapita na baiskeli, panga limechomekwa juu ya mzigo, na hakuna anayegeuza shingo. Usinielewe vibaya, siringi. Wale vijana wa magenge ya panya road walioisumbua Dar mwaka 2022 walibeba mapanga hayo hayo ya madafu. Ila panga lenye meno mgongoni na matundu katikati halipasui dafu wala halifyeki nyasi. Limetengenezwa limtishe mtu, na aliyelinunua anajua. Hilo kulikataza naona sawa kabisa, wala sihitaji kuelezwa zaidi.

La yule mwigizaji wenu Idris Elba ndilo lililonisumbua, aliposema visu vya jikoni navyo vitengenezwe bila ncha. Nilimwona kichekesho. Halafu nikakaa na changu wangu: kupara, ncha haina kazi. Kukata vipande, haina kazi. Kupasua tumbo tu ndipo nilipoihitaji, na hata hapo mama anatumia kisu kilichokatika ncha tangu nikiwa darasa la tano, na samaki wake tunakula.

Serikali yenu imeahidi kupunguza uhalifu wa visu kwa nusu ndani ya miaka 10. Vyuma watavikusanya, sina shaka. Lakini yule mtoto, kwa maneno ya Salim, alibeba kisu cha kwao jikoni kwa kuogopa njia ya kurudia nyumbani. Hicho hakina meno wala matundu, kinakata mkate kila asubuhi. Kwa hiyo kabla hujampekua Salim begi, muulize anarudi na nani, na anapitia wapi. Usimuulize mbele ya baba yake.

Kisu cha jikoni hakijakatazwa, najua. Ila sitaki kifurushi chenye kisu kigonge mlango wenu wiki hizi, akakifungua yeye. Nimekifunga kwenye gunia la mkonge, kiko juu ya kabati, ukija Desemba utakichukua mwenyewe.

Badala yake nakutumia mbuzi ya kukunia nazi. Ina meno, ndiyo. Wakikuuliza forodhani, wakalishe juu yake uwape nazi moja wakune.

Wako,
Zuhura