Mtihani wa CLEP: usiache swali wazi

Wanaokuja kwetu twisheni hapa Ngamiani, Tanga, kujiandaa na vyuo vya Marekani, wengi somo wanalijua. Kinachowaangusha ni namna ya kuufanya mtihani.

CLEP ni mtihani wa College Board, shirika la mitihani la Marekani, unaofanywa kwenye kompyuta. Ukifaulu, chuo kinaweza kukupa krediti za somo, yaani kukuhesabia kuwa umelimaliza, bila kulisoma darasani. Alama ni 20 hadi 80. Inayopendekezwa ya kufaulu ni 50, ila vipo vyuo vinavyotaka zaidi, kwa hiyo kiulize chako kwa maandishi kabla hujalipa.

Jibu baya halikatwi alama. Bado kuna vijana wanaacha maswali sita, saba, kwa kuogopa kukosea! Swali la majibu matano ukibahatisha tu, nafasi ni moja kwa tano. Ukishatupa matatu yasiyowezekana, ni nusu kwa nusu.

Chukua mfano wa uchumi: bei ya nazi imepanda, mengine yote yako vilevile. Majibu mawili yanabaki: "mahitaji ya nazi yamepungua" na "kiasi cha nazi kinachohitajika kimepungua". Msomaji wa haraka anakamata la kwanza, anakosa. "Mahitaji" ni mstari mzima wa kwenye grafu, unaoonyesha watu watanunua kiasi gani kwa kila bei; "kiasi kinachohitajika" ni nukta moja tu ya mstari huo. Bei ya nazi yenyewe haiuhamishi mstari wa mahitaji, inakusogeza tu kutoka nukta moja hadi nyingine kwenye mstari uleule. Kinachouhamisha ni kipato cha wanunuzi, au bei ya mafuta ya kula wanayotumia badala ya nazi. Ndiyo maana tunasisitiza: funika majibu kwa kiganja, jijibu kwanza, kisha fungua.

Mtihani huo wa uchumi una maswali kama 80 kwa dakika 90, yaani sekunde 67 kila moja. Ukikwama dakika nne, umekula muda wa maswali zaidi ya mawili mengine. Chagua herufi yoyote, weka alama ya kurudia, songa mbele.

Jumamosi tunafanya jaribio zima, simu zikiwa zimezimwa. Kisha kila kosa linaandikiwa sababu: sikujua, nilisoma vibaya, au muda uliniishia. Dawa ya kila moja ni tofauti. Aliyesoma vibaya haponi kwa kukariri zaidi.

Ukishindwa, mtihani uleule huurudii hadi miezi 3 ipite. Usilipie tarehe kabla hujavuka majaribio mawili mfululizo ndani ya muda.