Mwanangu, usilikate hilo triko

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sauti uliyonirekodia jana nimeisikiliza mara tatu, kisha umeme ukakatika na simu ikazima. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii itakufikia pamoja na mfuko mweusi uliofungwa kwa kamba. Mama yako mdogo anavuka na boti kesho asubuhi kuja huko Goma, nimemkabidhi yeye.

Unasema umepata triko, yaani sweta, la kiume la sufu kwenye chagua, soko la nguo za mitumba, kwa faranga 3,000, kiwiko kimetoboka, na unataka kulikata mbele na nyuma ushone foronya za mito. Nakuomba weka mkasi chini kwanza. Sikatai mito. Lakini uzi wa sufu mpya hapa sokoni ni adimu, na triko kubwa la namna hiyo lina uzi wa kutosha triko la mtoto na kofia yake. Ukikata, uzi huo umekufa.

Mimi niliwahi kukata. Ulikuwa hujazaliwa, nilikuwa na mimba ya kaka yako. Nilipata triko jeupe soko la Kadutu, zito, sufu tupu, nikawa na haraka ya kupata nguo za mtoto. Nikapitisha mkasi ubavuni ili liachane upesi. Nilipovuta uzi, ukatoka kipande cha urefu wa mkono, ukaisha. Nikavuta mwingine, vilevile. Uzi wa triko huenda na kurudi, kulia kushoto, kama mtu anayelima tuta kwa tuta; ukikata ubavu umezikata safari zake zote. Bibi yako hakusema neno. Aliokota vipande vile kimoja kimoja, akaviunga kwa mafundo, akafuma kofia. Kaka yako aliivaa, lakini mafundo yalimkwaruza hadi paji la uso likawa jekundu, nami kila nikimvika nilikuwa naumia moyoni.

Tangu hapo, kitu chochote cha zamani kikinifikia mkononi nauliza kwanza: aliyekitengeneza alianzia wapi, akaishia wapi? Pale alipoishia ndipo pa kukifungulia.

Basi ligeuze triko lako ndani nje, uangalie mishono ya ubavuni. Ukikuta ukingo umekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyingi nyembamba za mashine, hilo lilikatwa kiwandani kutoka kitambaa kipana. Halifumuki, litakupa vipande kama vile vyangu. Hapo shona mito yako, nakupa ruhusa. Ukikuta ukingo ni mzima, vitanzi vinageuka na kurudi, na pande mbili zimeunganishwa kwa mshono unaofanana na msuko wa nywele, shangilia. Kama limewahi kufuliwa kwa maji ya moto likashikamana kama blanketi, nalo liache lilivyo.

Chukua pia uzi mfupi kutoka ndani ya mshono, uguse kwenye makaa ya babula, lile jiko la makaa. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Uzi ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, huo ni wa plastiki. Utafumuka, ila hautakupa joto lile.

Kisha toa nyuzi za kuunganishia, kwa ncha ya sindano, polepole, mchana kwenye mwanga. Mikono itatoka, shingo itatoka, mbele na nyuma zitaachana. Kila kipande anzia juu, begani, kwa kuwa mara nyingi mfumaji huanzia chini kwenye pindo na kumalizia juu. Ukianzia chini uzi utakukatalia kila baada ya vitanzi viwili, utadhani triko ni baya. Ukianzia juu utakuja wenyewe, trrr, trrr, na utakuta huwezi kuacha. Ukifika kwenye tundu la kiwiko uzi utakatika. Usiufunge fundo, anza donge jipya.

Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge kwa kamba laini mahali pane usije ukajisokota, ndipo uutoe. Utakuwa umejikunjakunja kama nywele za mtoto aliyefumuliwa misuko leo asubuhi. Uloweke nusu saa katika maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, usuuze, usiukamue. Utundike msumarini, na chini yake uning'inize chupa ya nusu lita iliyojaa maji. Ukikauka utakuwa umenyooka. Utundike ndani ya nyumba, mwanangu. Vumbi la Goma utalilia.

Umeniuliza pia habari ya meza yangu ya barazani, ile niliyoipamba kwa vigae vya sahani, kwa sababu mwenzako wa chumba amevunja sahani na hataki kuzitupa. Sijui kama unakumbuka ilivyoanza. Ilikuwa Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, ardhi ilipotikisika. Sisi tulikuwa misani, wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Tuliporudi tulikuta kabati limelala kifudifudi, na sahani zote za harusi ya bibi yako, zile za maua ya bluu, zimekuwa vigae sakafuni. Siku hiyo kuna watu waliopoteza wapendwa wao, hapa na ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, kwa hiyo niliona haya kulilia sahani. Niliviweka vigae kwenye beseni, nikalisukuma chini ya kitanda.

Lilikaa huko miaka mitatu. Jirani alipojenga ukuta, saruji ikambakia, akanipa kopo moja. Nilivifunga vigae ndani ya gunia, nikavigonga kwa nyundo juu ya gunia ili visiruke machoni. Nilipanga kwanza vikavu juu ya ubao, jioni tatu nzima, ndipo nikapaka saruji. Kipande chenye mkia wa ndege nilikitafutia mwili wake mpaka nikaupata, lakini kichwa sikukipata hadi leo. Nafasi za katikati nilijaza saruji na mchanga uliochekechwa, nikapangusa uso kwa sponji yenye maji kabla haujashika. Mwambie mwenzako asiianike juani. Saruji haikomai kwa jua, hukomaa kwa maji; niliifunika gunia bichi na kulilowesha kila siku kwa wiki nzima. Waliotaka ikauke upesi niliona kazi yao ikipasuka.

Na chupa tupu za plastiki ambazo watu huzigeuza vitu vya nyumbani, mimi sizifanyii kazi, lakini nawaheshimu vijana wanaozifanyia. Mvua ikinyesha hapa milima yote humwaga takataka ziwa Kivu, nazo huelea hadi pale ziwa linapotokea kuwa mto Ruzizi, zikaziba mitambo ya bwawa, nasi tukakaa gizani kama nilivyo sasa. Wapo wanaozitoa majini, wakazikata nyuzi nyembamba, wakafuma vikapu na viti. Kiti kimoja nimekikalia mwenyewe, kinabeba mtu mzima. Maua ya chupa ya kutundika ukutani siyataki. Baada ya mwezi yamejaa vumbi na yanarudi kulekule ziwani.

Kuhusu neno la rafiki yako, kwamba chagua ni aibu na inaua mafundi wetu. La aibu silipokei. La mafundi nalielewa. Majirani zetu Rwanda mwaka 2016 walipandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo, ili washonaji wao wapate kupumua. Fundi aliyesomea kukata na kushona, akaona shati la Ulaya likiuzwa chini ya bei ya kitambaa chake, ana haki ya kulalamika. Lakini nguo zikishafika, zimefika. Mimi siendi asubuhi balo, yaani robota la mitumba, linapofunguliwa, maana wa kwanza kuchagua ndiye anayelipa zaidi. Naenda jioni, wanapouza kilichobaki kwa fungu: koti lililochanika lenye vifungo sita vya pembe, suruali ya jinzi iliyoisha magoti lakini zipu nzima, shuka lenye doa kona moja. Na nikitoka hapo napitia kwa fundi wangu wa Nyawera, nanunua kwake vipande vya vikwembe, yaani vitenge, vinavyobaki mezani pake. Hapo awali alikuwa anavitupa. Sasa ananitengea, na ile hela ndogo anaihesabu.

Ndani ya mfuko utakuta: kopo la vifungo, usivichanganye na vya kwako kabla hujavipanga kwa jozi. Sindano mbili za kufumia za bibi yako. Moja imepinda kidogo na imezoea mkono wa kushoto. Shuka mbili za pamba nilizozichemsha na kuzianika, ni za mapazia. Pindo sijapiga, kwa sababu hukunitajia kimo cha dirisha. Lipime kutoka juu ya fremu hadi chini, kisha uongeze upana wa kiganja juu na mwingine chini. Na yapo mafungu matatu ya vipande vya vikwembe. Yale mekundu usiyafue pamoja na mengine, yanatoa rangi.

Ukimaliza kulifumua triko, niambie umepata madonge mangapi. Yakifika matano nianze kupima kifua cha mtoto wa dada yako. Kesho uwe bandarini mapema, mama yako mdogo mgongo unamsumbua na mfuko ni mzito.

Mungu akulinde.

Mama yako