Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mzigo Uliopita Mizani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kampuni za kupandisha wageni mlimani,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na nakala zimeshabandikwa ukutani pale ofisini. Mimi naomba nianzie getini Machame, moja ya malango ya kupandia Kilimanjaro, maana huko ndiko mwaka wetu ulikoharibikia.

Utaratibu mnaujua. Asubuhi magari yanashusha watu, wagumu, yaani wapagazi wetu, wanapanga foleni, kila mzigo unapanda mizani. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20 kwa mpagazi. Mwezi Agosti, msimu ukiwa umechanganya, nilikwenda kusimama pale bila kumwambia mtu. Mizani haikuwa na tatizo. Kila mfuko ulisoma kumi na tisa na kitu. Nikafurahi, nikasema nipande kidogo msituni ninyooshe miguu kabla ya kurudi Moshi. Sikufika mbali. Kwenye kona nikakuta vijana wawili wamechutama kando ya njia wanagawana mtungi mdogo wa gesi na kiroba cha viazi, vitu vilivyopita getini mikononi mwa wengine kana kwamba havina mwenyewe. Mmoja raba zake zimefungwa kwa kamba ya katani. Nikamuuliza mzigo wake sasa una kilo ngapi. Akacheka: "Mzee, huku juu hakuna mizani."

Kampuni iliyowaajiri ni mwanachama wetu. Siitaji jina, kwa sababu kamati ilishakaa na mwenyewe, akakiri, na vijana wakalipwa kilichozidi. Lakini kuna kitu kilichonikera kuliko kile kiroba. Kipeperushi cha kampuni hiyo kina picha ya mgeni amekumbatia watoto wa shule, na chini pameandikwa kwamba sehemu ya faida inarudi kwa jamii. Jamii ipi, ndugu zangu? Yule mwenye kamba ya katani kwao ni hapo hapo Machame, mgomba wa mama yake unaonekana kutoka barabarani. Hatuwezi kumchangisha mgeni kwa ajili ya kijiji huku tunampunja mtoto wa kijiji hicho hicho akiwa na mzigo kichwani.

Kuhusu mavazi ya wagumu, udhuru sina wa kuwapa. Hapa Moshi upo mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, tangu 2003, unaoazimisha nguo za mlimani bila malipo. Nashangaa wangapi kati yetu hawajawahi hata kumwelekeza mgumu wao mlangoni pale.

Tipu nayo. Bahasha inatoka kwa mgeni ikiwa nene, inamfikia mgumu ikiwa imekonda, na kila aliyeishika njiani ana maelezo mazuri sana. Kamati inapendekeza orodha ya mgawo isomwe kwa sauti usiku wa mwisho, wageni na timu nzima wakiwepo, mpishi na mbeba choo wakiwemo, kabla ya kuteremka kwa njia ya Mweka. Viongozi wa safari wawili watatu wamenipigia simu kulalamika kwamba hili linawavunjia heshima. Nimewasikiliza. Pendekezo limebaki lilivyo.

Pia majina. Wote tunapenda kuwasimulia wageni habari za 1889, Hans Meyer na Purtscheller walipokuwa wa kwanza kufika kileleni. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesemekana kuwaongoza, tunamtaja kwa fahari, na wachache wetu wanamkumbuka Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki kambini akipika na kulinda vitu. Waliobeba mizigo kutoka pwani hadi huku hatuwataji kabisa. Tangu Oktoba baadhi yenu mmeanza kuwatambulisha wagumu kwa majina getini, mmoja mmoja, kabla ya safari. Inachukua dakika tano, na nimeambiwa wageni huanza kuuliza wenyewe kama huyu amekula na yule analala wapi.

Ziara za shuleni tumezibana. Mwalimu mkuu mmoja alikuja ofisini, mpole, na daftari mkononi. Alikuwa ameandika kila ujio: gari, saa, pipi au penseli. Kuna juma darasa la tatu lilisimamishwa mara nne kuwaimbia wageni, mara mbili katikati ya hesabu. Watoto nao wameanza kukimbilia magari barabarani wakiomba kalamu. Kuanzia sasa hakuna kuingia darasani wakati wa vipindi, na mwenye kutaka kutoa apitie kamati ya shule, nayo ndiyo iseme inahitaji nini. Mara ya kwanza walisema tangi la maji. Mgeni mmoja akanuna kidogo, nadhani kwa kuwa tangi halipendezi kwenye picha. Lakini alilipa, na maji yapo.

Matembezi ya vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa ya nyumbani, yameenda vizuri, sina mengi. Akina mama wanaokaanga na kutwanga kahawa sasa wanapewa hela yao mkononi siku hiyo hiyo, badala ya kusubiri ofisi zetu hadi mwisho wa mwezi. Kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfongo wa maji ya mashambani tuliahidi kwenda wengi, tukaenda wachache. Waliofika nawajua, na wasiofika wanajijua.

Kamati inaomba idhini yenu kwa jambo moja: tununue mizani mbili za kuning'iniza, na mzigo wa kila mwanachama upimwe tena kambi ya kwanza, asubuhi kabla ya kuondoka. Atakayekutwa amezidisha atalipa wapagazi wake kwanza, halafu faini. Akirudia, atoke chamani, hata akiwa mwenyekiti. Karatasi za kura ziko kwa katibu. Mtori umeshaiva, lakini nimewaomba wapishi wasipakue kwanza.