Shukrani kwa mzee aliyetufungia springi za gereji

Kuna mzee jirani yetu hapa Columbus, Ohio, hapendi kutajwa jina. Namshukuru mbele yenu hivyo hivyo.

Springi ya mlango wa gereji ilikatika usiku kwa kishindo, tukadhani risasi. Gari ndani, mota inanguruma, mlango haunyanyuki, na mimi nina zamu ya alfajiri.

Mzee alichomoa kwanza waya wa mota, akabana reli kwa koleo la kujifunga ili mlango usifyatuke. Akapima mizingo 20 ya springi kwa rula, akagawanya kwa 20, akapata unene wa waya wa kuagiza. Akasema ninunue mbili. Mlango una springi mbili, na iliyobaki nzima ina umri uleule. (Za kawaida hutengenezwa kwa takriban mara 10,000 za kufungua na kufunga.)

Kukaza ndiko kulikonitisha. Alitumia nondo mbili zinazoenea kwenye matundu ya kukazia springi, si bisibisi, maana ikichomoka inavunja mkono. Moja inashikilia, nyingine inaingia, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kama robo 30 kila springi kwa mlango wa kimo cha futi 7. Alisimama pembeni muda wote, na watoto aliwafukuza ndani. Mwisho akanyanyua mlango kwa mkono hadi katikati, akauachia. Ukatulia palepale.

Hela alikataa. Chapati hakukataa!

Wenye ufundi huu, mkisikia mgeni amekwama, mgongeeni hodi. Mzee, Jumamosi kuna pilau, usile kwako.