Ukitaka karatasi, anza na sufuria

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Umeniuliza uunde fremu ya namna gani, ile yenye wavu wa kuchotea nyuzi majini, ili uanze kutengeneza karatasi kwa mimea ya porini. Fremu iache kwanza. Karatasi nyingi huharibikia jikoni, na zikishaharibikia huko hakuna fremu itakayoziokoa.

Kabla ya kukata mmea, jua nyuzi zake zinakaa wapi. Ganda la ndani la matawi, kwa mfano ya jamii ya mforosadi au ya bamia, lina nyuzi ndefu na imara zinazoiva bila taabu. Majani yenye nyuzi, kama ya mkonge pori, ni magumu zaidi. Nyasi na matete ndiyo yenye ukaidi: nyuzi zake ni fupi, na karatasi yake hukatika kwenye mkunjo. Anza na ganda. Kata matawi yenye unene wa kidole gumba wakati mti unachipua, kwa kuwa ndipo ganda hubanduka lenyewe. Usilibandue kuzunguka shina, utauua mti. Ganda la nje likwangue lote, maana kila kipande utakachosaza kitakuwa doa jeusi. Mmea wenye utomvu mweupe usioujua usiuguse, mingine huunguza ngozi na macho.

Kausha, pima, kisha loweka usiku kucha. Kwa gramu 500 za ganda kavu weka maji lita 8 na soda ya kufulia gramu 100, yaani asilimia 20 ya uzito wa nyuzi. Ukitumia magadi ya asili, fanya gramu 140 hivi, kwa kuwa ni hafifu zaidi, na chuja uchafu wake. Koroga soda maji yakiwa vuguvugu. Ukiitia yanapochemka yatafoka. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Ya alumini haifai kabisa: soda huila na kutoa gesi inayoweza kulipuka. Pikia nje, vaa glavu, usiinamie mvuke.

Chemsha kwa moto mdogo saa 2 hadi 3, ukigeuza kila nusu saa. Saa zenyewe lakini si kipimo. Toa uzi mmoja, usuuze, uvute kwa urefu wake: ukiachana kama pamba iliyolowa, umeiva, ukikataa, endelea. Wengi huchoka hapa, wakaipua mapema wakidhani kuponda kutamalizia kazi. Hakumalizii. Nyuzi mbichi hubaki vishada vigumu hata uzitwange mpaka jioni. Majani na nyasi yakate vipande vya sentimita 2 kabla ya kupika, na uyape muda mrefu zaidi.

Suuza ndani ya kitambaa mpaka maji yatoke meupe na yasiteleze vidoleni. Soda ikibaki, karatasi hugeuka njano na kudhoofika. Maji ya kupikia usiyamwage mtoni.

Ponda kwa rungu la mbao juu ya ubao mgumu, ukikunja rojo, yaani nyuzi zilizolainika, na kuligeuza. Mashine ya kusagia matunda hukata nyuzi badala ya kuzichambua, na nyuzi ndefu hujiviringisha kwenye kisu. Ukilazimika, saga kidogo kidogo, maji yawe mengi. Tia rojo kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, itazame kwenye mwanga. Mabonge yakionekana, rudi kwenye rungu. Ila usipitilize pia: rojo lililopondwa mno hutoa maji polepole, na karatasi husinyaa sana ikikauka.

Sasa fremu. Mbili za ukubwa mmoja, moja yenye wavu laini uliokazwa sawasawa, nyingine tupu ya kuwekwa juu. Tia rojo kwenye beseni la maji mengi, zamisha fremu zote mbili na uzinyanyue: maji yatapita, nyuzi zitabaki juu ya wavu, na hiyo ndiyo karatasi. Wavu ukilegea, karatasi huwa nene katikati. Nyuzi ndefu zikigandamana majini, tia ute wa bamia uliochujwa. Huzitenganisha na kupunguza kasi ya maji kupita. Ute huo utumie siku hiyohiyo na usiupashe moto, utapoteza nguvu. Koroga kila mara kabla ya kuchota, la sivyo rojo litakaa chini na karatasi zitapishana unene.

Ondoa fremu tupu, pindua ile yenye wavu, ulalishe karatasi juu ya kitambaa cha sufu kilicholoweshwa, ukianzia ukingo mmoja. Kandamiza taratibu kati ya mbao mbili, uzito uongezeke kidogo kidogo. Ukikaza ghafla, maji yatapasua njia katikati ya karatasi. Kisha ibandike kwenye ubao laini au kioo, uisugue kwa brashi, uiache mpaka ikauke kabisa. Ikikauka huru itajikunja.

Kwa wino, ichovye baadaye kwenye gelatini, gramu 20 kwa lita moja ya maji ya moto, kisha ianike tena. Kwa penseli haihitaji.

Ukishapika mara ya kwanza, niandikie mmea gani umeutumia na uzi umeachanaje.

Wako,
Saidi